Nyonga za Macalder: Wiki ya sita isipite bure

*Mtoto mwenye hitilafu ya nyonga hutibiwa kwa mikanda ya kitambaa akigunduliwa mapema, na kwa kisu akichelewa. Je, Migori na Homa Bay zinunue mashine za kumpima kila mtoto, au iko njia iliyo karibu zaidi?*

Mtoto akitimiza wiki sita, mama wa Macalder, katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, humfunga mgongoni kwa leso na kushika njia ya kliniki. Wengine huja kwa bodaboda kutoka vijiji vya Nyatike vilivyo karibu na Mto Kuja. Wengine hutoka moja kwa moja machimboni, kwenye eneo la mgodi wa enzi ya ukoloni uliofungwa miaka ya 1960, ambako dhahabu bado inatafutwa kwa sururu na karai.

Kliniki, leso hufunguliwa. Mtoto hupimwa uzito, kisha hulazwa mapajani mwa mama yake, nepi ikiwa wazi. Muuguzi humdunga chanjo ya pentavalenti kwenye paja la kushoto na ile ya nimonia kwenye paja la kulia. Aliyezaliwa na mama anayeishi na virusi vya Ukimwi hutolewa pia matone ya damu kisiginoni ili apimwe.

Kwa dakika hizo chache, mtoto yuko katika umri unaofaa kabisa kukaguliwa nyonga. Mapaja yake yote mawili yako wazi, na aliyeyashika ni mhudumu aliyesomea kazi yake. Kuyapanua polepole na kulinganisha upande wa kulia na wa kushoto hakuchukui hata dakika moja. Akirudishwa mgongoni bila ukaguzi huo, kasoro iliyojificha inaweza kukaa kimya hadi siku atakapoanza kutembea akichechemea.

Kenya haina mpango wa kitaifa wa kumpiga kila mtoto mchanga picha ya ultrasaundi ya nyonga. Ziko nchi zilizo nao kwa zaidi ya miaka 30. Makala haya yanauliza kama kaunti za kando ya Ziwa Viktoria zinauhitaji mpango huo, na yanajibu kwamba zinahitaji kitu kingine kwanza: mikono iliyofunzwa kwa kila mtoto, ultrasaundi kwa wachache walio hatarini, na njia ya rufaa ambayo mama anaijua.

Kichwa na kikombe

Nyonga ndicho kiungo kinachobeba uzito wa mwili tunaposimama. Kichwa cha mfupa wa paja, chenye umbo la tufe, hukaa ndani ya kikombe kilichomo kwenye mfupa wa fupanyonga. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya kiungo hiki bado ni gegedu laini, haijawa mfupa.

Viwili hivyo hukuzana. Kichwa kikitulia katikati, kikombe hupata kina na kukizingira. Kichwa kikielea pembeni, kikombe hubaki kifupi, na siku zinavyosonga kichwa huweza kutoka nje kabisa. Hitilafu hiyo, kuanzia kikombe chenye kina kidogo hadi nyonga iliyotoka mahali pake, ndiyo madaktari wanayoiita displasia ya nyonga.

Watoto wa kike huipata zaidi kuliko wa kiume. Hatari huongezeka kwa mtoto aliyekaa tumboni akitanguliza makalio, kwa kifungua mimba, kwa aliye na mzazi au ndugu aliyewahi kuwa na tatizo hilo, na kwa aliyebanwa kwa sababu maji ya uzazi yalikuwa haba. Mguu wa kushoto huathirika mara nyingi kuliko wa kulia. Baada ya kuzaliwa, kumfunga mtoto kwa nguo huku miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja huongeza hatari hiyo.

Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba haimuumi mtoto. Ananyonya, anacheka, anaongeza uzito. Kama nyonga zote mbili zimetoka, hata urefu wa miguu hautofautiani, na mwendo wa kuyumba huku na huku hudhaniwa ndio mwendo wake wa kuzaliwa nao.

Gharama huja baadaye. Mguu mmoja huwa mfupi. Maumivu ya nyonga na kiuno huanza katika umri wa kufanya kazi, gegedu husagika mapema, na mtu ambaye hajafika uzeeni huambiwa kwamba anahitaji nyonga bandia. Katika eneo ambako riziki ni kubeba mawe ya dhahabu, ndoo za maji, karai za samaki na mizigo ya shambani, nyonga mbovu ni kazi iliyopotea.

> Mikanda ya kitambaa katika mwezi wa pili huweza kuokoa kile ambacho katika mwaka wa pili huhitaji chumba cha upasuaji.

Kutoka mikono hadi mawimbi

Mwaka 1937, daktari wa watoto wa Italia, Marino Ortolani, alieleza jinsi mkono unavyoweza kuhisi nyonga iliyotoka ikirudi mahali pake paja linapopanuliwa. Mwaka 1962, Thomas Geoffrey Barlow wa Manchester, Uingereza, aliongeza njia ya kutambua nyonga ambayo ingali ndani lakini imelegea. Vipimo hivyo viwili bado hufanywa wodini duniani kote, bila mashine yoyote.

Barlow aliona pia jambo la kutia moyo: nyonga nyingi zinazolegea siku ya kuzaliwa hukazana zenyewe. Zaidi ya nusu hutulia ndani ya wiki ya kwanza, na karibu 9 kati ya 10 ndani ya miezi miwili. Sababu moja ni homoni za mama, ambazo hulegeza viungo vya mtoto kwa muda na kisha huisha mwilini mwake.

Mikono ina kikomo, hata hivyo. Nyonga yenye kikombe kifupi inaweza kuwa imara mkononi na bado ikawa mbovu. Eksirei nayo haisaidii mapema, kwa kuwa haionyeshi gegedu. Huanza kuwa na manufaa mtoto akiwa na miezi minne hadi sita, kichwa cha paja kinapoanza kuwa mfupa.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1980, Reinhard Graf, daktari wa mifupa wa Austria, alipochapisha njia ya kuipima nyonga kwa ultrasaundi. Mawimbi ya sauti hupenya gegedu na kuonyesha kikombe chenyewe. Daktari huchora mistari juu ya picha na kupima pembe. Ya digrii 60 au zaidi huashiria nyonga iliyokomaa. Hakuna mionzi, hakuna sindano, na mtoto hahitaji kulazwa.

Kwa watoto walio hatarini lakini ambao nyonga zao hazijaonekana kutoka, picha hiyo hupigwa vizuri zaidi baada ya wiki nne hadi sita. Ikipigwa mapema mno, itaonyesha ulegevu ambao ungeondoka wenyewe, na watoto wengi wataanzishiwa matibabu bila sababu. Lakini mtoto ambaye nyonga yake imetoka kabisa siku ya kuzaliwa hangojeshwi. Huyo hupewa rufaa mara moja.

Saa ya matibabu

Akigunduliwa kabla ya miezi sita, mtoto huvishwa mikanda iliyobuniwa na daktari wa Kicheki, Arnold Pavlik, katikati ya karne iliyopita. Ni mikanda laini ya kifuani, mabegani na miguuni. Huyakunja mapaja juu na kuyaachia yapanuke, ili kichwa kikae katikati ya kikombe na kukichochea kikue. Kwa kawaida huvaliwa takriban saa zote za siku kwa wiki kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12, na watoto walio wengi hupona.

Baada ya miezi sita mtoto ana nguvu ya kupigana na mikanda, na misuli yake imekwisha kufupika. Hapo hulazwa, akatiwa usingizi, nyonga ikarudishwa, kisha akafungwa plasta kutoka kifuani hadi miguuni kwa miezi kadhaa. Akishaanza kutembea, hasa baada ya miezi 18, mara nyingi daktari hulazimika kuifungua nyonga na pengine kukata na kupanga upya mifupa.

Mikanda yenyewe haivaliwi kiholela. Ikikazwa vibaya inaweza kubana mshipa wa neva au kuzuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa, na kuharibu nyonga iliyokuwa ikiokolewa. Mtoto anapaswa kurudi kliniki kila wiki moja au mbili. Kwa familia ya Nyatike, hiyo ni nauli, siku ya kazi iliyopotea, na watoto wengine walioachwa nyumbani.

Nchi tajiri zenyewe hazijaafikiana

Austria ilianza kumpima kila mtoto kwa ultrasaundi mwaka 1992, na Ujerumani ikafuata mwaka 1996. Wanaotetea njia hiyo husema upasuaji wa kufungua nyonga za watoto ulipungua sana Austria, na fedha zilizookolewa hospitalini zikasaidia kulipia upimaji.

Uingereza ilichagua njia ya kati. Kila mtoto hukaguliwa kwa mikono ndani ya saa 72 za kwanza na tena akiwa na wiki 6 hadi 8. Ultrasaundi huwekewa wale ambao ukaguzi umetia shaka, waliotanguliza makalio mwishoni mwa ujauzito, au walio na historia ya ugonjwa huo katika familia ya karibu. Huko, mtoto 1 au 2 kati ya kila 1,000 huhitaji matibabu.

Norway ndiko swali lilikowekwa kwenye mizani. Utafiti wa Bergen uliochapishwa mwaka 1994 ulifuatilia watoto zaidi ya 11,000, na ule wa Trondheim wa mwaka 2002 zaidi ya 15,000. Katika tafiti zote mbili, waliogunduliwa wakiwa wamechelewa walikuwa wachache zaidi pale kila mtoto alipopigwa picha. Lakini tofauti kati yao na pale ambapo mikono ilikuwa hodari na picha zikapigwa kwa walio hatarini tu ilikuwa ndogo mno kuthibitishwa kitakwimu. Jambo moja lilidhihirika: ukaguzi wa mikono unaofanywa vizuri huziba sehemu kubwa ya pengo.

Mongolia, nchi isiyo tajiri, inatoa somo jingine. Baridi huwafanya wazazi kumfunga mtoto kwa blanketi tangu siku ya kwanza, na madaktari wa huko wakishirikiana na wenzao wa Uswisi walianzisha upimaji wa ultrasaundi kwa watoto wachanga pamoja na matibabu ya mapema. Umaskini pekee haukuwazuia. Walianza kwa sababu ugonjwa ulikuwepo kwao.

Mgongo wa mama

Hapo ndipo hoja inapogeuka kwa Macalder. Uchambuzi mpana wa tafiti za dunia uliochapishwa na Randall Loder na Elaine Skopelja mwaka 2011 ulionyesha tofauti kubwa ajabu: watoto 76 kwa kila 1,000 katika baadhi ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, na 0.06 kwa kila 1,000 miongoni mwa Waafrika waishio Afrika. Hao ni 6 kati ya watoto 100,000.

Baadhi ya jamii hizo za Marekani zilikuwa na desturi ya kumfunga mtoto kwenye ubao, miguu imenyooshwa. Mama wa Afrika Mashariki humfunga mgongoni, mapaja yamekunjwa na kupanuka mithili ya chura. Mkao huo ndio ule ule ambao mikanda ya Pavlik hujaribu kuuleta. Urithi wa damu una sehemu yake pia, lakini mkao wa mtoto katika miezi ya kwanza haupuuziki.

Hospitali ya Beit CURE ya Blantyre, Malawi, ilipitia kumbukumbu zake za miaka 10 na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Kati ya watoto zaidi ya 40,000 waliohudumiwa, hapakuwa na mtoto mchanga aliyefanyiwa upasuaji kwa sababu ya displasia ya nyonga. Waandishi waliihusisha hali hiyo na desturi ya kubeba watoto mgongoni.

Japani ilipata ushahidi kama huo kwa kubadili desturi. Katika miaka ya 1970 ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kuwasihi wazazi, na hasa akina nyanya, waache kunyoosha na kubana miguu ya mtoto. Kiwango kilichokuwa kikizidi mtoto 1 kwa kila 100 kilishuka hadi karibu mtoto 1 au 2 kwa kila 1,000. Hakuna mashine iliyonunuliwa kwa ajili hiyo.

> Mkao wa mtoto kwenye mgongo wa mama yake ndio ule ule ambao mikanda ya hospitali hujaribu kuuleta.

Wanaosema fedha ziende kwingine

Tuwasikilize kwanza wanaopinga upimaji wa kila mtoto, maana hoja yao ina uzito. Kama kiwango ni 6 kati ya 100,000, mpiga picha anayepima watoto 20 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, atafanya kazi zaidi ya miaka mitatu kabla ya kumpata mmoja. Katika muda huo ataona nyonga nyingi ambazo hazijakomaa tu, na baadhi ya watoto watavishwa mikanda wasiyoihitaji.

Migori ilikuwa na wakazi 1,116,436 katika sensa ya 2019, na Homa Bay 1,131,950. Kaunti hizo mbili zimekuwa miongoni mwa zenye mzigo mkubwa wa malaria na virusi vya Ukimwi nchini. Watoto wanakufa kwa nimonia na kuhara. Akina mama bado wanapoteza maisha wakijifungua. Afisa wa afya anayegawa bajeti hawezi kulaumiwa akiuliza kwa nini nyonga itangulie.

Ipo pia hoja ya upande wa pili. Takwimu huhesabu wale waliofika hospitalini. Mtoto anayechechemea katika kijiji cha mbali, ambaye familia yake inaamini kwamba hali hiyo ni chira iliyoletwa na mwiko uliovunjwa, haingii kwenye daftari lolote. Kwamba hospitali ya Blantyre ilipokea maelfu ya watoto wenye matatizo mengine ya mifupa kunaonyesha kuwa uhaba wa displasia ni wa kweli. Hakuonyeshi kwamba haipo.

Na wingi wa afya njema si faraja kwa yule mmoja. Msichana aliyezaliwa akitanguliza makalio huko Muhuru Bay au Karungu hana hatari ya wastani wa Afrika. Ana hatari yake mwenyewe, na haki ya kukaguliwa kwa kuwa ukaguzi wake ni rahisi na matibabu yake yanajulikana.

Nyonga ina maadui wengi

Mjadala ukibaki kwenye displasia peke yake, Macalder itapoteza jambo kubwa zaidi. Katika ukanda wa ziwa, nyonga ya mtoto hushambuliwa na maradhi mengine ambayo mkono uliofunzwa na picha ya ultrasaundi vinaweza kuyatambua.

La kwanza ni usaha ndani ya kiungo. Bakteria huingia kwenye nyonga kupitia damu. Mtoto hupata homa, hukataa kusogeza mguu mmoja, na hulia kwa uchungu anapobadilishwa nepi. Hilo ni jambo la dharura la siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha hula gegedu na kukiharibu kiungo kwa muda mfupi. Ultrasaundi huonyesha majimaji yaliyojaa ndani, na daktari akajua kwamba lazima yatolewe. Mahali ambapo kila homa hudhaniwa kuwa malaria, mguu usiosogea ni ishara inayoweza kupitwa.

La pili ni selimundu, ugonjwa wa damu ulioenea katika eneo la ziwa. Watoto wenye selimundu hupata maambukizi ya mifupa kwa urahisi, na wakikua wengine hupoteza kichwa cha paja kwa kukosa damu. Kwa hao, kuchechemea si jambo la kusubiri.

La tatu ni mtindio wa ubongo. Utafiti mkubwa wa Australia uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya watoto wenye hali hiyo nyonga zao husogea kutoka mahali pake kadiri wanavyokua. Wengi huzaliwa nyonga zao zikiwa salama; mtindio wenyewe huweza kusababishwa na uzazi mgumu, umanjano mkali wa mtoto mchanga au malaria ya ubongo. Nao wanahitaji mtu wa kuzikagua nyonga zao mara kwa mara.

Kwa hiyo mafunzo ya nyonga hayatakuwa anasa iliyoletwa kwa ajili ya mtoto mmoja kati ya maelfu. Muuguzi anayejua nyonga nzima inavyohisiwa ataijua iliyo na ugonjwa, uwe wa kuzaliwa nao au wa jana usiku.

Njia inayowezekana Macalder

Hatua ya kwanza ni mikono. Kila mtoto akaguliwe nyonga kabla ya kutoka wodi ya uzazi, na tena kwenye chanjo ya wiki ya sita. Waliojifungulia nyumbani mikononi mwa nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi, watafikiwa kwa mara ya kwanza katika ziara hiyo. Ukaguzi urudiwe wiki ya 10 na ya 14, kwa sababu baada ya miezi mitatu dalili inayoaminika zaidi ni paja linalokataa kupanuka sawa na lenzake.

Hatua ya pili ni kalamu. Mimba 3 au 4 kati ya kila 100 zinazofikia muda wake huwa na mtoto aliyetanguliza makalio, na mkunga huliona hilo. Liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kijitabu cha afya ya mama na mtoto, hata kama mtoto alitolewa kwa upasuaji, ili muuguzi wa chanjo aelewe kwamba huyu ni wa kupigwa picha. Swali moja kuhusu historia ya familia liongezwe hapo.

Hatua ya tatu ni picha kwa wachache. Tukichukua waliotanguliza makalio, wenye historia ya familia na wale ambao mikono imetilia shaka, tunazungumzia watoto wachache kati ya kila 100. Siku moja kwa wiki katika hospitali ya kaunti ndogo ingeweza kuwatosha. Mashine ambayo asubuhi inatazama mimba inaweza mchana kutazama nyonga, mradi iwe na kichwa bapa cha mawimbi ya juu na mtu aliyefunzwa kusoma picha ya Graf.

Teknolojia yenyewe inazidi kushuka ngazi. Mwaka 2022, kwa ufadhili wa Wakfu wa Bill na Melinda Gates, wahudumu 500 wa afya nchini Kenya walianza kupewa mashine za mkononi za ultrasaundi za kampuni ya Butterfly pamoja na mafunzo ya kuzitumia kwa wajawazito. Kinachokosekana kwa nyonga ni mafunzo zaidi kuliko chuma.

Hatua ya nne ni rufaa. Mama apewe jina la kituo, siku na karatasi, asiambiwe tu aende mbele. Mlolongo unafahamika: kutoka Macalder hadi hospitali za rufaa za Migori na Homa Bay, kisha Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga jijini Kisumu, na kwa upasuaji mkubwa hospitali ya AIC-CURE huko Kijabe, ambayo tangu 1998 imekuwa ikitibu ulemavu wa watoto. Kuvisha mikanda na kuifuatilia kusogezwe karibu na nyumbani kadiri inavyowezekana, kwa sababu safari ya kila wiki ndiyo itakayomfanya mzazi akate tamaa katikati ya matibabu.

Hatua ya tano ni malipo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya taifa ya hospitali, NHIF, mnamo Oktoba 2024. Picha ya nyonga kwa mtoto aliye hatarini, mikanda na ziara za kuifuatilia vitajwe wazi katika huduma zinazolipiwa, ili muuguzi asisite kutoa rufaa kwa kuogopa kumtwika mama deni.

Zipo ngazi za kupandia

Kaunti hizi zimewahi kuongeza jambo jipya kwenye kliniki ya watoto na likashika. Septemba 13, 2019, Kenya ilizindua huko Homa Bay chanjo ya malaria ya RTS,S, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti nane za ukanda wa ziwa na magharibi zilizoanza nayo. Wauguzi walifunzwa, ratiba ikaongezewa ziara, akina mama wakaleta watoto.

Mwaka 2023, serikali iliwatuma nyumba kwa nyumba wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini wakiwa na mikoba ya vifaa. Hao ndio watakaomwona mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetembea kwa kuyumba, na ndio watakaomwambia mama mchanga aliyerudi kutoka mjini na mtindo wa kumviringisha mtoto kwa blanketi kwamba miguu iachwe huru.

Ujumbe kuhusu leso utolewe kwa uangalifu. Kubeba mgongoni hulinda nyonga. Hakurudishi nyonga iliyokwisha kutoka, na mama mwenye shaka asingoje. Machimboni, ambako zebaki huchomwa kutenganisha dhahabu, mtoto asipelekwe kabisa. Mgongo ni mahali pema, lakini hewa ya pale si salama kwake.

DALILI ZA KUANGALIA

*Kabla ya kutembea:* paja moja halipanuki sawa na jingine. Goti moja liko chini kuliko lenzake mtoto akilazwa chali, magoti yamekunjwa. Mguu mmoja unaonekana mfupi. Mikunjo ya ngozi isiyolingana peke yake si ushahidi, kwa kuwa watoto wengi wazima wanayo.

*Akishatembea:* anachechemea, anayumba huku na huku, anakanyagia vidole vya mguu mmoja, au kiuno kimebonyea sana kwa nyuma.

*Dharura:* homa pamoja na mguu usiosogezwa, au kilio kikali akibadilishwa nepi. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Uamuzi uko kaunti

Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Hivyo hakuna haja ya kungoja sera kutoka Nairobi ili muuguzi wa Macalder afundishwe kupanua mapaja ya mtoto, au mkunga aagizwe kuandika kwamba mtoto alitanguliza makalio. Idara za afya za Migori na Homa Bay zinaweza kuanza kwa mafunzo ya siku chache kwa wauguzi wa chanjo, mstari mmoja kwenye daftari la wiki ya sita, na mtu mmoja katika kila hospitali ya kaunti ndogo anayejua kuipiga picha nyonga.

Baada ya mwaka mmoja wa kuandika kwa uaminifu, kaunti zitakuwa na takwimu zao wenyewe. Zikionyesha kwamba displasia ni adimu, fedha za mashine za kumpima kila mtoto zitakuwa zimeokolewa, na wauguzi watakuwa wamepata ujuzi wa kuitambua nyonga yenye usaha kabla haijaharibika. Zikionyesha kwamba ipo zaidi ya tulivyodhani, tutajua ni wapi na kwa nani. Kwa vyovyote, wazazi wa Nyatike wana haki ya kuuliza swali moja katika ziara ya wiki ya sita: nyonga za mtoto wangu zimekaguliwa? Na kaunti ina wajibu wa kuhakikisha kwamba jibu ni ndiyo.